Filla, Botox, tatuu au upasuaji: lipsi nyembamba na harusi imekaribia, uanze na ipi?

Dada mmoja wa miaka 29 kaniandikia ujumbe mrefu, naufupisha ili wengine mjue najibu nini. Anasema lipsi yake ya juu ni nyembamba, akicheka ndo inapotea kabisa yanabaki meno na fizi, kingo za mdomo zimeingia weusi ambao lipstiki nyepesi haiufichi, na harusi yake imebaki wiki 9. Kaenda sehemu tatu, kila sehemu kaambiwa lake. Wa kwanza kamwambia aweke filla (jeli inayochomwa kwa sindano kujaza lipsi) ml 1, wa pili kasema Botox kidogo (sindano ya kulegeza msuli) inatosha, wa tatu kamwambia achome filla ile ya kudumu mara moja asahau, na juu ya hapo rafiki yake anamshawishi aanze na tatuu ya lipsi. Anaimba kwaya na solo nyingi ni zake. Na huwa anatokwa na vile vipele vya maji mdomoni akiumwa homa au akishinda juani. Anauliza: "Daktari nichague ipi, na ipi nikijuta naweza kurudi nyuma?"

Dada yangu, hilo la kurudi nyuma ndo swali zuri kuliko yote, na wanaoliuliza kabla ya sindano ni wachache, wengi wanakuja nalo baada. Jibu langu kwako ni hili: filla ya asidi ya hayaluroniki, nusu bomba, yaani ml 0.5 na sio 1, na iwekwe mapema sio wiki ya harusi. Botox iache mpaka harusi ipite. Rangi nayo isubiri. Na hiyo ya kudumu usiiguse hata ukipewa bure. Sasa nikueleze kwanini, mana sitaki unifuate kwa kuniamini tu, nataka ukikaa kwenye kile kiti ujue unakubali nini na unakataa nini.

Kwanza kasimame mbele ya kioo mchana, karibu na dirisha, usoni usipake chochote. Legeza mdomo, meno yaachane kidogo, usitabasamu. Angalia lipsi ya juu inaonekana kiasi gani ukiwa umetulia hivyo. Alafu cheka kabisa, cheka kama unavyocheka na watu wako, uangalie tena. Ukikuta lipsi inatosha ukiwa umetulia ila inajikunja kwenda ndani ukicheka, hapo shida yako ni msuli unaozunguka mdomo, ndo unaivuta. Ukikuta ni nyembamba hali zote mbili basi ni ujazo wenyewe haupo. Chukua na rula, pima kutoka chini ya pua pale katikati mpaka lipsi inapoanza. Wanawake wengi wapo chini ya milimita 15, ikianza kukaribia 20 hapo ni ndefu na hakuna sindano itakayoifupisha. Na angalia meno pia, mtu aliyepungukiwa meno ya mbele au meno yameingia ndani lipsi zinakosa kitu cha kuegemea, huyo daktari wa meno atamsaidia kuliko mimi.

Nakuhimiza hicho kioo kwasababu kila tiba katika hizi inatibu kitu kimoja. Filla inaongeza ujazo, Botox inalegeza msuli, upasuaji unafupisha ngozi, tatuu inaweka rangi, basi. Ile midomo ya bata mnayoiona mkasema filla mbaya, mara nyingi ni mtu aliyekuwa na ngozi ndefu chini ya pua akajazwa filla ili lipsi ipande, sasa lipsi haikupanda ikaenda mbele. Dawa haikuwa na kosa ila iliwekwa kwenye tatizo lisilo lake.

Kuna kitu kingine wataalamu wengi wanafundishwa, kwamba lipsi ya juu ikiwa 1, ya chini iwe 1.6. Hicho kipimo kimejengwa sana kwenye sura za kizungu. Watu wengi wenye asili ya Afrika lipsi zao za juu na chini zinakaribiana na ndo uzuri wao, kwahiyo mtu akikutolea hiyo namba akataka kuongeza ya chini tu ili hesabu itimie, mwambie aangalie uso wako kwanza.

Haya tuje kwenye filla yenyewe. Asidi ya hayaluroniki sio kitu kigeni mwilini, ipo kwenye ngozi, kwenye maungio, mpaka ndani ya jicho, na kazi yake kubwa ni kushika maji. Ila ile ya asili mwili unaivunja ndani ya siku chache tu, ndo mana viwandani wanazifunga nyuzi zake pamoja kwa kemikali inakuwa jeli inayoweza kukaa miezi. Kabla ya hapo watu walikuwa wanachomwa kolajeni, yaani protini ya ngozi ya ng'ombe, iliruhusiwa Marekani mwaka 1981, na ilibidi upimwe mzio kwenye ngozi ya mkono usubiri wiki kadhaa ndo uchomwe usoni. Restylane, ambayo ni filla ya hayaluroniki, ikaruhusiwa Marekani 2003 kwa mikunjo ya uso, ila ruhusa ya lipsi haswa ilikuja 2011. Nakwambia hii historia kwasababu watu wanaongea kana kwamba filla zote ni kitu kimoja, wakati hata hizi za hayaluroniki zenyewe zimetofautiana, kuna ngumu za kidevu na mashavu na kuna laini za lipsi. Ngumu ukiiweka kwenye lipsi utaihisi kwa ulimi, utaihisi ukila, na mwenzio ataihisi pia. Uliza jina la bidhaa, na uombe kuona boksi likifunguliwa mbele yako, ndani huwa kuna stika yenye namba ya toleo, moja inabandikwa kwenye faili lako na nyingine ondoka nayo. Ukikuta bomba lilishafunguliwa, liko nusu, unaambiwa ni "la jana tu", amka uondoke.

Kwanini nasema ml 0.5 wakati wenzangu wamesema 1? Ml 1 kwa kusikia ni ndogo kweli, kijiko cha chai ni ml 5 kwahiyo ni moja ya tano ya kijiko. Ila lipsi yako ya juu umesema ni nyembamba, na lipsi nyembamba haina nafasi, ukiisukumia kiasi kikubwa siku moja jeli inatafuta pa kwenda na inapita ukingo inapanda juu kwenye ngozi chini ya pua. Alikuja kwangu mama mmoja amejazwa mara kadhaa mfululizo, ukimuangalia mbele mzuri tu, akigeuka upande unaona kama tuta juu ya lipsi, kivuli chake kinafanana na ndevu changa, na analalamika lipstiki haikai kwenye mstari. Mstari wenyewe haukuwepo tena. Tuliyeyusha yote, tukasubiri wiki mbili, tukaweka nusu bomba, akasema mbona hata zamani ningeridhika na hii. Kwahiyo anza na nusu, ukitaka zaidi utaongeza baadae, kuongeza ni rahisi sana.

Na kuhusu kukaa muda gani, utaambiwa miezi 6 mpaka 12, na ni kweli kwa macho, lipsi zinatembea muda wote kwahiyo zinaimaliza mapema kuliko mashavu. Lakini picha za MRI zimewahi kuonesha mabaki ya filla usoni miaka kadhaa baada ya kuchomwa, ndo mana sikubaliani na hawa wanaomwita mteja kila miezi 6 aje kujaza upya kama vile ni chanjo. Rudi pale utakapoona kwa macho yako kwamba imepungua.

Siku tatu za mwanzo utavimba, na lipsi ndo sehemu inayovimba kuliko zote usoni, asubuhi ya siku ya pili unaweza kulia kwenye kioo ukadhani umeharibiwa. Upande mmoja kuzidi mwingine siku hizo ni kawaida, michubuko ya zambarau inaweza kukaa wiki au zaidi kidogo, na vijivimbe vidogo unavyovigusa kwa ulimi vingi vinalainika vyenyewe ndani ya wiki chache. Hukumu ya kweli iweke wiki ya pili. Kabla ya hapo usikubali mtu akuongezee kitu.

Sasa hapa naomba usome taratibu. Hatari kubwa ya filla ni jeli kuingia ndani ya mshipa wa damu au kuubana kwa nje, damu ikashindwa kupita. Kwenye lipsi kuna ateri mbili, ya juu na ya chini, ni matawi ya ateri ya uso, na zimepita karibu sana na pale sindano inapoingia, tena zinapita tofauti kwa kila mtu kwahiyo hata mtaalamu mwenye mikono mizuri anaweza kukutana nayo. Haitokei mara nyingi. Ila ikitokea saa zinahesabika. Dalili ni maumivu makali yanayozidi badala ya kupungua, ngozi kupauka au kuwa na madoa kama wavu, kuwa ya baridi, na inaweza kupanda mpaka pembeni ya pua. Vitabu vingi vinasema angalia weupe, lakini kwenye ngozi nyeusi weupe unajificha, unaweza kuona rangi ya kijivu tu au usione kitu kabisa. Kwahiyo wewe fanya hivi: bonyeza lipsi au ngozi ya juu yake kwa kidole sekunde chache, achia, linganisha na upande wa pili. Damu inatakiwa irudi ndani ya sekunde mbili hivi. Pindua na lipsi uangalie ndani, kule kwenye nyama laini rangi haidanganyi. Ikichelewa kurudi, au maumivu yanapanda baada ya ganzi kuisha, usiweke barafu, usinywe panadol ukalala, piga simu kliniki muda huohuo hata kama ni usiku. Wasipopokea nenda hospitali uwaambie kabisa "nimechomwa filla ya hayaluroniki mdomoni na nadhani mshipa umeziba", usiseme tu mdomo umevimba mana watakupa dawa ya mzio wakurudishe nyumbani.

Dawa yake ipo, ni kimeng'enya kinaitwa hayaluronidesi, kinaivunja ile jeli, na kwa mshipa ulioziba kinachomwa kwa wingi na kurudiwa mpaka damu irudi. Ikicheleweshwa ngozi inakufa, inakuwa kidonda cheusi, alafu kovu. Upofu pia umewahi kuripotiwa kutokana na filla za uso, ni nadra mno, na pua na katikati ya nyusi zina hatari kuliko lipsi, lakini mishipa ya uso imeungana mpaka machoni kwahiyo sio haki nikufiche. Macho yakibadilika wakati unachomwa, sema hapohapo.

Hicho kimeng'enya ndo jibu la swali lako pia. Filla hii ukiichukia, inachomwa hayaluronidesi na ndani ya siku moja mbili sehemu kubwa imeyeyuka, saa nyingine inarudiwa. Uliwahi kuumwa na nyuki au nyigu ukavimba mwili mzima au ukabanwa pumzi? Mwambie daktari kabla, kwasababu sumu yao ina kitu cha jamii hiyohiyo na unaweza kuwa na mzio nacho.

Botox sasa. Yule wa pili hakukudanganya, alisikia tu neno "nikicheka inapotea" akaenda moja kwa moja kwenye msuli. Wanachofanya ni kuweka vipimo vichache, mara nyingi 4 mpaka 6 vya Botox, kwenye ule msuli unaozunguka mdomo pale juu ya ukingo wa lipsi, msuli unalegea, lipsi inajikunjua kidogo kwa nje na ukicheka haizami. Na kama fizi nyingi ndo zinakukera basi kuna sehemu nyingine ya kuchoma, pembeni ya pua, ya ule msuli unaoinua lipsi. Inaanza kuonekana siku ya 3 au ya 5, inakamilika wiki ya pili, na miezi 2 mpaka 3 imeisha. Lipsi haiongezeki hata chembe, inajionesha tu zaidi.

Kwa mtu mwingine ningesema jaribu. Kwako wewe muimbaji nasita sana. Ukilegeza huo msuli kunywa kwa mrija kunakuwa shida, kupiga mluzi hakuna, ukisukutua maji yanachuruzika, na herufi zinazotaka lipsi zikutane kwa nguvu, p, b, m, kwa baadhi ya watu zinakuwa laini. Wengi hawaoni tofauti kubwa, ni kweli. Lakini solo ni solo. Na tofauti na filla, hapa hakuna dawa ya kuiyeyusha, ikikukaa vibaya unasubiri ziishe wiki na wiki. Kujaribu kwa mara ya kwanza kitu kama hicho mbele ya siku utakayosimama kula kiapo na kuongea na watu wote unaowapenda, hapana. Ijaribu ukiwa huna ratiba ya kuimba miezi miwili, kwa kiasi kidogo kabisa.

Ya kudumu. Hapa naomba unisikilize kama mtu wa nyumbani. Anayekwambia "choma mara moja usahau" mara nyingi ana silikoni ya maji, au jeli yenye vipunje vidogo vya plastiki, au hata hajui kilichomo ndani ya chupa yake. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, haijawahi kuruhusu silikoni ya maji ichomwe ili kukuza uso au mwili, na imeonya mara nyingi. Shida ya silikoni ni kwamba mwanzoni inapendeza. Mwaka wa kwanza unaweza kumsifia aliyekuchoma na kumpelekea wateja. Alafu miaka inapita, mwili unaanza kuizingira, yanatokea mafundo magumu, lipsi inavimba yenyewe kila ukipata mafua, nyingine inahama. Na haiyeyuki, imeshikana na nyama yako, kuitoa ni kukata na unakata na nyama nzima humohumo. Hawa ndo wagonjwa wanaonisikitisha kuliko wote kwasababu nakuwa sina cha kuwarudishia. Na kama kuna anayesoma hapa alishachomwa kitu asichokijua, hata kama ni miaka kumi iliyopita, asiweke filla juu yake bila kumwambia daktari.

Kuna kuhamisha mafuta yako mwenyewe kutoka tumboni au mapajani, hilo ni salama zaidi kwa maana ni nyama yako, ila lipsi haitulii kwahiyo mafuta mengi yanakufa, hujui yatabaki kiasi gani, na yanayobaki yanaweza kunenepa ukinenepa. Na kuna vile vimirija vya silikoni ngumu vinavyopachikwa kwa upasuaji, hivyo angalau vinatolewa, ila vinaweza kuhama na wengine wanavihisi wakicheka. Kwa harusi ya wiki 9 vyote viwili sioni sababu.

Upasuaji wa kuinua lipsi ni kazi nzuri sana kwa mwenye ile ngozi ndefu chini ya pua. Daktari anakata kipande cha ngozi pale pua inapoishia, anaivuta lipsi juu, meno yanaanza kuonekana na lipsi inafunguka bila kuchoma chochote. Haurudishwi, na kovu linakaa palepale katikati ya uso. Ukishawahi kutoboa sikio likaota keloidi, au mama yako au ndugu zako wana makovu ya kuvimba, hii usiifikirie mpaka umeongea na daktari wa upasuaji anayejua ngozi nyeusi vizuri. Kwako kama rula inasoma 13, 14, huna cha kukatwa.

Tuje kwenye weusi wa kingo, na hapa rafiki yako ana haraka. Kabla ya kufunika rangi jiulize imetoka wapi. Kulamba lipsi muda wote, kung'ata, lipstiki au dawa ya meno inayokuwasha kidogokidogo bila wewe kujua, jua, sigara, baadhi ya dawa, na kuna watu wamezaliwa tu na kingo nyeusi na hiyo sio ugonjwa. Kama kuna muwasho unaoendelea ukiweka tatuu juu yake weusi unarudi. Na kama kuna doa moja tu jipya, linalokua au lenye kingo zisizo sawa, hilo lionwe na daktari wa ngozi kabla mtu yeyote hajaligusa kwa sindano.

Tatuu ya lipsi yenyewe inaweka rangi kwenye ngozi ya juu, inakaa mwaka mmoja mpaka mitatu hivi ikififia, na inaweza kupendeza mno ikifanywa na anayejua lipsi nyeusi. Ujue lipsi yenye weusi haiwekwi pinki moja kwa moja, inatoka kijivu au zambarau. Anaanza na rangi za joto kama chungwa kuua ule ubaridi, alafu baada ya wiki 6 mpaka 8 anaweka rangi unayoitaka, kwahiyo ni vipindi viwili au zaidi, na kila kipindi lipsi zinabanduka siku kadhaa. Sindano zikienda chini sana ngozi nyeusi inajibu kwa kuweka weusi zaidi, utakuwa umelipia ulichokuwa unakikimbia. Weka tatuu baada ya harusi na baada ya filla kutulia, sio kabla. Kwa sasa pumzisha lipsi, paka mafuta mazito yasiyo na harufu, mchana kitu chenye kinga ya jua, acha kulamba, wiki 9 zinatosha kuona tofauti kama muwasho ndo ulikuwa chanzo.

Mengine nayapitia haraka. Zile lip glosi za kuchoma zina pilipili, mnanaa au mdalasini, zinaunguza kidogo damu inakuja, saa chache limeisha, kwa mwenye weusi wa muwasho mi nasema achana nazo. Vikombe vya kunyonya lipsi vinapasua vimishipa. Ile kalamu isiyo na sindano inayosukuma filla kwa presha ya hewa, FDA ilionya watu wasiitumie mwezi Oktoba 2021, kwasababu presha hiyo huwezi kuipangia iishie wapi, na kununua mtandaoni ujichome mwenyewe nyumbani naomba kabisa msifanye. Na mabinti wa chini ya miaka 18 mnaonisoma, uso wenu bado unakua, Uingereza huko England imekuwa ni kosa kisheria kumchoma mtoto filla ya urembo tangu Oktoba 2021, na mi naona wamefanya vizuri.

Kuhusu nani akuchome, mimi huwa simuulizi mtu cheti kwanza, nauliza swali moja: hayaluronidesi mnayo hapa ndani, leo, na haijaisha muda? Akisita, au akisema "tunaweza kuagiza", umepata jibu. Alafu muulize yeye mwenyewe amewahi kuona mshipa ukiziba na alifanya nini. Mtaalamu wa kweli hakasiriki, anafurahi umeuliza. Omba picha za watu wenye mdomo kama wako, ngozi kama yako, wiki mbili baada na sio dakika tano baada, mana dakika tano baada kila mtu anaonekana amejaa, ni uvimbe ule.

Sasa ratiba yako. Wiki hii nenda kwa daktari kwa ajili ya vile vipele. Hivyo vinaletwa na kirusi cha herpesi ambacho kinalala kwenye neva na kinaamshwa na jua, homa, na pia sindano mdomoni. Atakuandikia asiklovia au valasiklovia uanze kabla ya kuchomwa uendelee siku chache, dozi atakupangia yeye. Siku ya sindano ukiamka una kipele hata kimoja au unasikia ule mwasho wa mwanzo, ahirisha, usione aibu. Kama kuna jino la kutibu au kusafisha lifanye sasa hivi, alafu likae wiki mbili mbali na filla, kabla na baada. Wiki moja kabla acha ibuprofeni, na aspirini kama hukuandikiwa na daktari, acha na vidonge vya mafuta ya samaki na vitamini E, vyote vinaongeza michubuko. Kama umeandikiwa dawa za kuzuia damu kuganda usiache kwa uamuzi wako. Na kama kuna uwezekano una mimba au unanyonyesha, hii habari yote tunaiweka pembeni mpaka baadae.

Uchomwe ikiwa imebaki wiki 8 au 7. Siku hiyo usifanye mazoezi, usinywe pombe, usikae kwenye mvuke, usipake lipstiki mpaka kesho yake, na usizikandekande lipsi isipokuwa umeelekezwa. Kwaya waambie wiki hiyo huna solo. Ikibaki wiki 5 au 6 unarudi kuangaliwa, ukiridhika unaachia hapo, ukitaka robo nyingine inaongezwa siku hiyohiyo. Ikibaki wiki 4 mlango umefungwa, asikuguse mtu mdomo tena, hata kama mtu wa mekapu atasema ingependeza zaidi.

Mwisho wa ujumbe wako uliuliza kwa woga kidogo kama ukiacha kuweka lipsi zitalegea zibaki kama puto lililotoka hewa. Kwa kiasi hiki ninachokushauri, hapana, ikishapungua lipsi zinarudi karibu na zilivyokuwa. Wanaobaki na ulegevu ni wale waliojaza sana kwa miaka wakaivuta ngozi, na hata hao wengi mabadiliko wanayoyaona yamechanganyika na umri, mana lipsi zetu sote zinapungua na ngozi ya chini ya pua inarefuka kadri miaka inavyokwenda, uwe umechoma au hujachoma. Piga picha leo, mdomo ukiwa umetulia na ukiwa umecheka, mwanga uleule wa dirishani, uiweke mahali. Nyingine ipige wiki ya pili baada ya sindano, uende nazo zote mbili siku ya kuangaliwa.